Kichupa cha Unga Kinachopima Mashine ya Maabara

Mkazi wa Chegulo au Shivanga anayefika maabara ya hospitali ya Malava asubuhi na mapema, bila kula, ili apimwe sukari, huenda akakuta mashine imewashwa na mhudumu yupo, lakini hakuna anayeitwa. Mara nyingi huo si uzembe. Kabla ya damu ya mgonjwa wa kwanza kuingia, mashine yenyewe hupimwa.

Wakulima wa miwa wa Kabras wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Mizani ya lori hukaguliwa kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Katika maabara, jiwe hilo ni unga ulio ndani ya kichupa cha glasi.

Unga huo ni seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki chembe na mgando vikiondolewa. Kiwandani hugandishwa, kisha huwekwa katika chombo kilichonyonywa hewa, barafu yake ikatoka kama mvuke bila kuyeyuka. Protini zake, ambazo zikiwa majimaji zingeharibika kwa siku chache, hudumu miaka zikiwa kavu, mradi zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kiasi cha sukari na vitu vingine vilivyomo kinajulikana, na kimeandikwa. Shirika la Afya Duniani hukausha vivyo hivyo viwango vyake vingi vya kimataifa, vinavyotunzwa South Mimms, kaskazini mwa London.

Hatari huanza wakati wa kurudisha maji. Tuseme kichupa kinahitaji mililita 5 kamili za maji maalumu yasiyo na madini, na mtu akatia 5.5. Hilo ni ongezeko la matone 10 hivi. Seramu imekuwa nyepesi, lakini mashine inayosawazishwa nayo inaambiwa ni ile ile ya kwenye karatasi. Kuanzia hapo itasoma kila mgonjwa juu kwa asilimia 10. Mtu mwenye sukari ya 6.5 kabla ya kula atasomwa zaidi ya 7.1, naye 7.0 ndiyo mpaka wa kuitwa mgonjwa wa kisukari. Akirudia kipimo kwenye mashine hiyo hiyo, kosa litarudi vile vile. Maji yakipungua, mambo hugeuka: mwenye 7.5 anaweza kuambiwa yuko chini ya 7 na kurudi nyumbani bila dawa. Ndiyo maana maji hupimwa kwa pipeti, wala si kwa kukadiria kwa macho.

Kichupa kikitoka kwenye friji huachwa kwanza kipoteze baridi. Kikifunguliwa kingali baridi hutoa jasho kama chupa ya soda, na unga hunyonya unyevu huo. Kifuniko hufunguliwa polepole ili unga usiruke. Maji yakishatiwa, kichupa huachwa karibu nusu saa, kisha huzungushwa taratibu. Hakitikiswi, kwa sababu povu huharibu protini. Mwanga nao huharibu bilirubini, kitu kinachopimwa kwa watoto wachanga wenye macho ya manjano, kwa hiyo kichupa hukaa gizani. Tarehe na saa ya kutiwa maji huandikwa juu yake, maana kuanzia hapo kinahesabiwa siku, si miaka. Sehemu iliyogandishwa huyeyushwa mara moja tu.

Kimashine cha kudunga kidole hakitumii unga huu. Kina majimaji yake ya ukaguzi.

Umeme ukipotea usiku wa mvua, jambo ambalo Kabras si geni, mhudumu husoma kipimajoto cha friji kabla ya kugusa kichupa. Friji hiyo haiwekwi maziwa wala chakula cha mchana: kila mlango unapofunguliwa joto huingia, na seramu yenyewe mara nyingi hutokana na damu ya binadamu, hivyo hushikwa kwa glavu. Kama namba ya ukaguzi imetoka nje ya mipaka iliyoandikwa, majibu ya siku hiyo husimamishwa hadi chanzo kipatikane, na mgonjwa anaweza kuombwa asubiri au arudi kesho. Ana haki ya kuuliza kama ukaguzi wa asubuhi ulipita.