Yaya na Mashairi Mia: Juu ya Picha za Hokusai

Kiasi cha mwaka 1235 mshairi wa Kijapani Fujiwara no Teika alikusanya mashairi mia ya washairi mia, kila mshairi shairi lake moja. Diwani hiyo yaitwa Hyakunin Isshu, na maana ya jina ndiyo hiyo. Mashairi yake ni ya namna ya tanka: hayana vina, bali yana mizani 31, zilizogawanywa katika vipande vya 5, 7, 5, 7 na 7. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, mara nyingi neno moja hubebeshwa maana mbili, kama nasi tuwezavyo kulichezea neno "paa", likawa mnyama, au sehemu ya nyumba, au kwenda juu angani.

Miaka 600 baadaye, 1835 na 1836, Katsushika Hokusai, mzee aliyepita miaka 70, alitoa picha za kuchapwa kwa mbao juu ya diwani hiyo. Aliziita Hyakunin Isshu Uba ga Etoki, yaani Mashairi Mia Yaliyoelezwa kwa Picha na Yaya. Basi mfasiri wake si mwanachuoni wa jumba la mfalme, bali ni mlezi wa watoto.

Je, yaya huyu aelewa asomacho? Tutazame shairi la Kakinomoto no Hitomaro. Shairi lamtaja mtu alalaye peke yake, usiku wake mrefu kama mkia wa ndege wa milimani. Katika picha ndege hayumo. Wamo wavuvi wavutao wavu, na moshi mrefu upandao na kupinda. Mwenye haraka atasema yaya amekosea. Lakini shairi hilo lafunguliwa na neno la mapokeo ambalo desturi yake ni kuutangulia mlima, na ndani ya neno hilo yasikika sauti ya kitenzi cha kuvuta. Hapo ndipo wavuvi walipopatia kazi yao. Nao moshi umeshika mahali pa mkia. Aonekanaye kupotoka ameyafuata maneno kwa karibu sana.

Picha zilizochapwa ni 27 tu. Miaka hiyo Japani ilikuwa katika njaa kubwa, na mchapishaji wa kwanza aliziacha baada ya chache. Mwingine akaziendeleza, kisha naye akakoma. Hata hivyo Hokusai alikuwa amekwisha kuchora nyingi zaidi. Yafaa kujua jinsi kazi hiyo ilivyofanywa: karatasi ya mchoraji iligandishwa kifudifudi juu ya ubao, na mchongaji akachonga kwa kuifuata mistari, hata mchoro wenyewe ukaharibika. Kwa hiyo michoro ya picha zilizotoka haipo tena, na iliyosalia, ambayo mingine imo katika Freer Gallery mjini Washington, ni ile isiyobahatika kuchongwa. Kukosa mchapishaji ndiko kulikoihifadhi.

Kwetu sisi tushughulikao na tafsiri, picha hizi zina funzo. Kabla ya kumhukumu mfasiri kwamba ameacha maana, hatuna budi kwanza kuuliza kama hakuifuata sauti.