Kompyuta Nzima, Muda Umekwisha

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga rasmi ukurasa wa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ulioenea katika ofisi zetu, tangu kwa wahasibu wa Posta, Dar es Salaam, hadi kwa mawakala wa forodha wa Mombasa. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama kawaida. Hapo ndipo kazi ya watu wa IT ilipozidi kuwa ngumu: bosi akiona mashine inawaka, haoni kwa nini atoe hela.

Kilichokoma ni masasisho ya bure ya usalama, yale yanayotolewa kila Jumanne ya pili ya mwezi kuziba mianya. Tena hatari yake huongezeka kadiri miezi inavyopita. Windows 11 imejengwa juu ya sehemu nyingi za mtangulizi wake, kwa hiyo kila mwanya unaozibwa huko unamwonyesha mhalifu mahali pa kupekua huku.

Basi si wahamie Windows 11? Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi. Kwa Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 kuendelea, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Ofisi ndogo na za kati za ukanda huu hununua sana kompyuta za mtumba, zilizokwishatumika Ulaya au kupitia Dubai. Chukua HP EliteBook 840, laptopu inayopendwa Kariakoo na katikati ya Nairobi. Ile ya G3 ina prosesa ya kizazi cha 6, nayo imeachwa nje. Ya G5 kwa kawaida ina kizazi cha 8, inakubaliwa. Kwa macho ya mnunuzi ni laptopu mbili za rangi ya fedha, moja bei nafuu kuliko nyingine.

Kosa hufanyika kwenye karatasi, miezi kadhaa kabla kompyuta haijafika. Ofisa ununuzi anaandika "Core i5, RAM 8, SSD 256", anakusanya bei kutoka maduka matatu na kuchagua ya chini. G3 inatimiza masharti hayo yote. Hakuna aliyedanganya wala aliyekula rushwa; kilichokosekana ni namba ya kizazi cha prosesa, na fundi ambaye angeiongeza hakuulizwa. Anaitwa mzigo ukishapokelewa na kusainiwa, aambiwe aweke programu. Naona hili ndilo jeraha kubwa la taaluma hii hapa kwetu: maamuzi hufanywa bila mafundi, lawama huwafikia wao kwanza.

Microsoft imeacha mlango wa kulipia. Shirika linaweza kununua masasisho ya ziada kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 122 wa pili na 244 wa tatu. Ofisi yenye mashine 40 italipa dola 2,440 kwanza, na 17,080 kwa miaka yote mitatu. Anayechelewa haponi, kwani akijiunga mwaka wa pili anadaiwa na wa kwanza. Shule zimepata nafuu ya kweli, dola 1, kisha 2, kisha 4, na mwalimu mkuu yeyote mwenye maabara ya kompyuta aichangamkie. Kwa kampuni, kwa maoni yangu, mwaka mmoja unatosha kununua muda wa kupanga; miaka mitatu ni fedha ya kununulia mashine nyingine.

Linux ni bure na inafufua laptopu za zamani vizuri. Lakini muulize mhasibu anayetumia programu ya hesabu ya Tally iliyowekwa kwenye kompyuta yake, au mwenye duka ambaye programu yake ya mauzo iliandikwa kwa Windows pekee. Fundi anaweza kubadilisha mfumo kwa saa moja; kubadilisha mazoea ya idara ya fedha wakati wa kufunga hesabu ni kazi nyingine kabisa.

Nyuma ya haya yote kuna mabadiliko mapana zaidi. Programu iliyokuwa ikinunuliwa mara moja sasa inapangishwa. Kampuni ya Broadcom ilipokamilisha kuinunua VMware, watengenezaji wa programu za seva, Novemba 2023, haikuchukua hata mwezi kabla ya kuacha kuuza leseni za kudumu na kuhamishia wateja kwenye malipo ya kila kipindi. Kodi hiyo hulipwa kwa dola, na mapato yetu ni ya shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takribani shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130. Mkuu wa IT aliyeomba bajeti wakati mmoja na kulipa wakati mwingine alionekana hajui kukadiria, ilhali huduma aliyoiomba haikubadilika hata chembe.

Tarehe nyingine imeshapangwa. Masasisho ya bure ya usalama ya Windows Server 2016 yanakoma 12 Januari 2027, na seva, tofauti na laptopu, ndiyo inayobeba mafaili ya ofisi nzima. Bajeti za serikali za Tanzania na Kenya huanza Julai, kwa hiyo ombi la fedha za kubadilisha seva lazima liwe mezani kabla ya Juni 2026, likiwa na namba za vifaa zilizoandikwa na mtu atakayevihudumia.