Cheti cha BRELA Hakimgeuzi Mgonjwa Kitandani

Nimeulizwa tena wiki hii, safari hii na binti anayefanya kazi Dar es Salaam, baba yake yuko Hombolo, Dodoma, kapooza upande mmoja: "Kampuni ya wahudumu wa nyumbani imenitumia cheti cha BRELA. Si inatosha?"

Haitoshi, na haijawahi kutosha. Wazee wanailipia imani hii kwa ngozi zao.

BRELA husajili majina ya biashara na kampuni. Anayefungua duka la vipuri hupita mlango huohuo. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA ili serikali ipate kodi yake. Katika mzunguko wote huo hakuna ofisa anayeuliza kama kijana atakayelala chumba kimoja na baba yako anajua kumgeuza.

Na kugeuza ndiyo kazi yenyewe. Mzee akilazwa bila kugeuzwa tangu saa nne usiku mpaka alfajiri, damu hukosa njia pale mfupa unapoibana ngozi: kisigino, nyonga, chini ya kiuno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo unapapasa kwa mgongo wa kiganja, ukitafuta palipo na joto au ugumu kuliko pembeni. Aliyefundishwa akipaona, anapaondolea uzito mara moja. Asiyefundishwa anachukua mafuta na kupasugua kwa bidii, huku familia ikimshukuru, kumbe anazidi kuiumiza nyama ya ndani. Mzee huyohuyo atalishwa uji wa mtama akiwa chali, apaliwe, uingie kwenye mapafu. Cheti kiko ukutani muda wote.

Sare nyeupe nayo isikubabaishe. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, muuguzi husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni hiyo ni ya mtu binafsi. Kampuni haiwezi kumwazima mfanyakazi wake leseni ya mwingine. Anayekuja kubadili mpira wa mkojo au kusafisha kidonda kirefu aonyeshe yake, yenye jina lake.

Basi fanya hivi. Hakiki leseni kwa Baraza kabla hujatuma hata shilingi. Kama kampuni inakutafutia mtu tu na kukuachia, huyo ni wakala wa ajira: mdai leseni ya Kamishna wa Kazi, kisha andika mkataba wako na mhudumu, wenye mshahara, mapumziko na siku ya kupumzika, kwa sababu aliyekesha siku saba hawezi kuamka kumgeuza mtu. Uliza ni muuguzi gani anamsimamia na anafika Hombolo lini. Dai daftari la saa za kugeuza, kula na dawa, utumiwe picha yake kila jioni. Mjulishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kituo cha afya kwamba kuna mgonjwa wa kitandani. Muuguzi akikosea, lalamika Baraza. Ukihitaji msaada wa familia, muone ofisa ustawi wa jamii wa Jiji la Dodoma. Kipigo na wizi ni vya polisi.

Halafu panda gari uje bila kumwarifu mtu. Mfunue baba shuka, mgeuze mwenyewe, utazame visigino vyake.