Kutoa Mifano kwa Usahihi katika Maandishi ya Theolojia ya Kiingereza

Katika vyuo vyetu vya theolojia masomo ya shahada hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Lakini mchungaji anayehitimu hurudi kuhubiri kwa Kiswahili, na katika nyumba nyingi za uwanda huu wa kati huwafariji wafiwa kwa Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kinyiramba. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi huleta katika insha yake ya Kiingereza mazoea ya mimbarani, na mojawapo la mazoea hayo ni namna ya kutoa mifano. Tunaposoma insha na tasnifu twaona kwamba mahali hapa pana makosa mengi. Baadhi ni ya sarufi tu, nayo hurekebishwa kwa urahisi. Mengine yanagusa ukweli wa jambo linalosemwa, na hata fundisho la Kanisa. Katika makala haya tunakusudia kueleza yote mawili.

1. Upana wa neno "mfano"

Kwanza hatuna budi kutambua kwamba neno letu "mfano" lina kazi nyingi. Katika Biblia ya Kiswahili, Tafsiri ya Muungano, habari ya mpanzi katika Mathayo 13 huitwa mfano. Katika Mwanzo 1:26 neno hilohilo linasimama pamoja na "sura" kueleza jinsi mtu alivyoumbwa afanane na Mungu. Katika 1 Wakorintho 10:6 yaliyowapata Waisraeli jangwani huitwa mifano kwetu. Kiingereza hakina neno moja la kubeba mizigo hiyo yote. Husema "parable" kwa habari ya mpanzi, "likeness" kwa kufanana na Mungu, na "example" au "type" kwa mambo ya jangwani. Neno "illustration" nalo hutumika kwa jambo linalotolewa ili kumsaidia msomaji kuelewa.

Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huandika "for example" kila mahali ambapo angesema "kwa mfano", na hapo huchanganya mambo mawili yanayopasa kutengwa. "Example" kwa maana yake kamili ni kimoja kati ya vingi vya aina ileile. "Illustration" yaweza kuwa kitu cha aina nyingine kabisa, kinachofanana na jambo letu kwa upande mmoja tu.

Tuchukue habari ya mwenye kupooza katika Marko 2:4, aliyeshushwa kupitia dari. Mwanafunzi wa Dodoma anayo tembe ya Kigogo, nyumba yenye dari bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Mtu aliyeiona tembe haoni taabu kuelewa jinsi watu wanne walivyoweza kupanda juu na kutoboa dari. Ni vyema aitumie. Lakini tembe si "example" ya nyumba za Kapernaumu, wala haithibitishi lolote juu ya ujenzi wa Galilaya katika karne ya kwanza. Inamsaidia msomaji kuona. Basi asiandike, "Houses in Capernaum had flat roofs, for example the Gogo tembe." Na aandike, "The flat earthen roof of the Gogo tembe helps us to picture the scene." Ushahidi wa nyumba za Galilaya autafute kwa wanaoakiolojia na katika maandishi ya zamani.

2. Dai kwanza, mfano baadaye

Mhubiri aweza kuanza na kisa na kuwaacha wasikilizaji wangoje maana yake hadi mwisho. Bwana wetu mwenyewe alifundisha hivyo. Insha ya kitaaluma hufuata utaratibu mwingine. Mwandishi hutoa dai lake kwanza, kisha hutoa mfano, kisha hueleza jinsi mfano huo unavyolihusu dai. Wanafunzi wengi hufanya mambo mawili ya kwanza na kuliacha la tatu, wakidhani mfano utajieleza wenyewe.

Hebu tutazame aya fupi ifuatayo:

"Large agricultural schemes may fail when planners do not study local conditions. For example, the Groundnut Scheme, which began at Kongwa in 1947, was abandoned in 1951. The land had been chosen after a hurried survey, and the soil set so hard after the rains that the crop could scarcely be lifted."

Sentensi ya kwanza ni dai. Ya pili ni mfano, wenye jina, mahali na mwaka. Ya tatu inaunganisha mfano na dai, maana inaonyesha kwamba kilichokosekana Kongwa ni kuyachunguza mazingira. Tukiiondoa sentensi hiyo ya tatu, msomaji anabaki na habari kwamba mradi ulishindwa, asijue kwa nini umetajwa. Huenda ulishindwa kwa sababu nyingine.

Tuangalie pia neno "may" katika dai. Mradi wa karanga wa Kongwa uliigharimu serikali ya Uingereza yapata pauni milioni 36, nao ni mfano mzito. Hata hivyo ni mmoja. Unatosha kuonyesha kwamba jambo linaweza kutokea, lakini hautoshi kuonyesha kwamba hutokea sikuzote. Anayeandika "always" au "all" na kisha kutoa mfano mmoja amedai zaidi ya alichonacho. Maneno kama "may", "often" na "in some cases" hayamwonyeshi mwandishi kuwa mnyonge. Yanalipima dai lake kwa kadiri ya ushahidi alio nao.

3. Maneno ya kuingizia mfano

"For example" na "for instance" yana maana moja. Yakianza sentensi, hufuatwa na koma na kisha sentensi kamili yenye kiima na kitenzi. Kosa tulionalo mara kwa mara ni kuandika "For example the drought of Ugogo." na kuweka nukta. Katika mazungumzo ya Kiswahili twaweza kusema "Kwa mfano ukame wa Ugogo" na tukaeleweka, lakini katika Kiingereza cha kitaaluma hiyo si sentensi. Vilevile maneno haya hayawezi kuunga sentensi mbili kwa koma peke yake. Weka nukta kabla yake, au nuktamkato.

"Such as" hufanya kazi ya "kama vile". Huja baada ya jina la kundi, na baada yake huja majina tu, si sentensi nzima: "towns on the Central Line such as Dodoma and Tabora". Halifuatwi na koma wala nukta mbili. Nalo limekwisha kumwambia msomaji kwamba orodha si kamili, kwa hiyo "etc." mwishoni haina kazi. Hapa Kiswahili hutupoteza, kwa kuwa tumezoea kuandika "kama vile" mwanzoni na "n.k." mwishoni. Katika Kiingereza chagua moja, na katika insha ni heri kuiacha "etc." kabisa.

Koma kabla ya "such as" hubadili maana. "Churches such as those in Singida need pastors" husema habari za makanisa ya namna hiyo tu. "Churches, such as those in Singida, need pastors" husema kwamba makanisa yote yanahitaji wachungaji, na ya Singida yametajwa kwa mfano. Mwandishi na aamue anataka kusema lipi.

Neno "like" hutumika sana katika mazungumzo mahali pa "such as". Katika insha tunashauri litumike kwa kulinganisha tu. Neno "including" nalo huonyesha orodha isiyo kamili. "Namely" huonyesha orodha iliyokamilika.

4. Herufi mbili na fundisho la sakramenti

Vifupisho "e.g." na "i.e." vinatoka katika Kilatini. Cha kwanza ni "exempli gratia", yaani kwa ajili ya mfano. Cha pili ni "id est", yaani "hiyo ni", nacho ndicho kinacholingana na "yaani" yetu. "E.g." huacha mlango wazi, maana vipo vingine visivyotajwa. "I.e." huufunga, kwa kuwa kilichotajwa ndicho chote.

Mwanafunzi wa Kilutheri anaweza kuandika hivi: "the sacraments instituted by Christ, e.g. Baptism and the Lord's Supper". Sarufi haina kosa. Lakini amesema kwamba ziko sakramenti nyingine, na Mkatoliki anayekiri sakramenti saba angekubaliana naye. Akiandika "i.e." amesema kwamba ni hizo mbili tu. Historia inaonyesha kwamba tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1520, katika kitabu chake juu ya utumwa wa Kanisa Babeli, Luther alianza kwa kutaja sakramenti tatu, toba ikiwa mojawapo, na mwishoni akasema kwamba kwa maana kamili ni mbili. Melanchthon katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, uliochapishwa mwaka 1531, aliihesabu pia ondoleo la dhambi pamoja na Ubatizo na Chakula cha Bwana. Anayeandika juu ya jambo hili ana wajibu wa kujua anaufunga mlango au anauacha wazi, na aufunge au auache kwa makusudi. Asiyekuwa na hakika na vifupisho hivi na aandike maneno kamili, "for example" au "that is". Katika matini ya insha maneno kamili hupendeza zaidi, na vifupisho huachiwa mabano na tanbihi.

5. Mfano uwe wa kundi lake, na uwe wa kweli

Mfano hauna budi kuwa mmojawapo wa kundi lililotajwa. Anayeandika "Lutheran missions in Ugogo, such as Mpwapwa" amekosea, hata kama koma zote ziko mahali pake. Kituo cha Mpwapwa kilianzishwa katika miaka ya 1870 na wamisionari wa Kianglikana wa CMS. Katika uwanda huu wa kati Walutheri walijulikana zaidi upande wa Iramba na Singida, ambako wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walifanya kazi tangu miaka ya 1920. Kosa la namna hii haliponi kwa kubadili neno. Linapona kwa kwenda maktaba.

Tena mfano usikatwe ili uitoshe hoja. Njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya, hutajwa mara nyingi kama mfano wa madhara ya ukame. Ni kweli kwamba mvua ilikosekana. Lakini wakati huohuo majeshi ya Vita Kuu, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Mwanafunzi anayeandika "Drought causes famine, for example, the Mtunya" na kunyamaza hapo amelitupa lile linaloisumbua hoja yake. Akiandika juu ya ole na haki ya Mungu, upungufu huo ni mkubwa zaidi, maana amelihesabia anga peke yake jambo ambalo wanadamu nao walilitenda. Mfano ukiikataa hoja, hoja ndiyo ibadilishwe.

6. Mifano kutoka usharikani

Tasnifu nyingi za uchungaji hutumia mambo yaliyotokea usharikani. Tunaona ni jambo jema, kwa kuwa theolojia yetu haina budi kuwahusu watu wetu. Hata hivyo aliyeyasema ya moyoni mwake kwa mchungaji hakuyasema ili yawe "example" katika maktaba ya chuo. Lililosikiwa katika maungamo lisitumike kabisa, hata kwa kuficha jina. Lililosikiwa katika mazungumzo mengine litumike kwa ruhusa ya mhusika, bila jina, wala kijiji, wala cheo cha kumtambulisha. Katika usharika mdogo, kusema "mama mjane aliye mzee wa kanisa" ni sawasawa na kumtaja.

7. Kabla ya kukabidhi insha

Tunawashauri wanafunzi, na wachungaji wanaotuandikia makala, wapitie kila mfano na kujiuliza maswali haya:

(a) Mfano huu ni wa dai gani, na je, dai hilo limeandikwa kabla yake?
(b) Je, ni mmojawapo wa kundi nililotaja, au ni wa kunisaidia kueleza tu?
(c) Je, nimeandika jina, mahali na mwaka, ili msomaji asiyewahi kufika Dodoma aelewe?
(d) Je, iko sentensi inayouunganisha na dai?
(e) Neno nililotumia linafunga orodha au linaiacha wazi, na je, ndivyo nilivyokusudia?
(f) Je, yuko mtu atakayeumizwa na mfano huu akiusoma, au jirani yake akiusoma?

Mfano usiojibu maswali haya uandikwe upya au uondolewe. Insha yenye mifano miwili iliyoelezwa vizuri humfaa msomaji kuliko yenye kumi iliyotajwa kwa haraka.