Betri ya Pili kwa Mathree: Hii Ndiyo Sababu Alteneta Yako Inachomeka Ukiwa Stej

Wasee wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, hii story mnaijua. Umepiga nganya sound ya maana, subwufa mbili nyuma, taa za rangi na skrini. Betri moja inalemewa, basi unawekewa ya pili. Fundi wa waya anavuta waya mnene kutoka mbele, anafunga relei katikati, anakushow iko fiti. Baada ya muda, alteneta inaanza kunuka plastiki iliyoungua.

Noma haiko kwa kuongeza betri. Noma ni kwamba hakuna kitu kinachoiambia hiyo betri ivute ampea ngapi.

Alteneta inatoa karibu volti 14.4. Betri iliyoisha iko karibu 12. Hilo pengo la volti 2 ndilo linasukuma moto, na kinachouzuia ni ukinzani wa waya na wa betri yenyewe. Ukinzani wote ukiwa ohm 0.02, hizo ni ampea 100! Tuseme alteneta yako ni ya 70. Unaona vile itaumia?

Betri ya asidi ina huruma kidogo, kwa sababu vile inajaa ndivyo inapunguza kuvuta. Lakini lithiamu, ile wengi wanahamia siku hizi, inafyonza kwa nguvu hadi ikaribie kujaa. Sasa fikiria uko stej, injini inanguruma polepole unangoja gari ijae. Feni ya alteneta inazunguka taratibu, upepo hakuna, na bado inaombwa moto wote. Hapo ndipo inachomeka, si barabarani.

Kuna mafundi wanaweka waya mwembamba makusudi ndio upunguze moto. Buda, kataa hiyo. Ampea zikitoka 30 hadi 60, joto kwa waya linakuwa mara nne, na huo waya umepita chini ya kapeti na viti vya abiria.

Trick ya wazee wa jua kali ni kufunga balbu ya taa kubwa, ya wati 55, katikati ya waya. Hata betri ikiwa imekufa kabisa, haipiti ampea 5. Ni salama kiasi, lakini kwa hilo pengo la volti 2 unapata kama ampea 2 tu. Utachaji hadi Krismasi.

Dawa ni chaja ya DC kwa DC. Inakaa kati ya betri mbili, na wewe ndio unachagua ampea. Ya 20 inatosha mathree nyingi. Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150, masaa matatu hivi, kwa hivyo betri ya ampea-saa 100 inarudishiwa kama 60 safari moja. Ya asidi usiipitishe ampea 20. Lithiamu soma karatasi yake. Weka fyuzi pande zote mbili za waya, karibu na kila betri. Hiyo usibargain.

Na wale wa Land Cruiser mnaopeleka watalii na friji Met Station, mita 3,050 juu ya Naro Moru: lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya sifuri. Baridi ikipiga usiku, ingoje ipate joto kwanza, ama nunua yenye inajizima yenyewe.