Binti wa tope: Walidhani anasaka dhahabu!

Kule Tarime ukionekana unachimba, swali huwa moja tu: umepata? Nyamongo haiko mbali, na dhahabu ni dhahabu. Ndiyo maana binti mmoja wa chuo kikuu, mzaliwa wa huko huko, alipozama kwenye mafunjo ya Mto Mara na bomba la chuma na vifuko vya nailoni, vijana walimfuata hadi maji ya kiuno.

"Dada, usitufiche. Hilo tope lina nini?"

"Lina kaboni," akajibu. Wakaangua kicheko.

Msomaji, hata mie nilicheka aliponihadithia. Kumbe jambo lenyewe zito. Mto Mara huanzia msitu wa Mau, Kenya, hukatiza Serengeti, na kabla ya kumwagika Ziwa Victoria hutanuka ukawa kinamasi kikubwa. Mafunjo yakifa huangukia majini, na kule chini hewa hakuna, hivyo hayaozi yakaisha. Yanarundikana miaka nenda rudi, na kaboni yaliyoivuta angani inabaki humo. Sasa wewe kausha kinamasi ulime mahindi, au kitie moto! Inarudi hewani kuongeza joto.

Kazi ni suluba. Bomba linagongwa chini, linachomolewa, tope linakatwa vipande kama mkate, kila kipande na namba yake. Maabara linakaushwa kwa nyuzi 105, linapimwa, kisha linachomwa kwa nyuzi 550. Uzito unaopungua ndio mabaki ya mimea. Karibu nusu yake ni kaboni.

Siku ya nne mtumbwi ukapinduka. Wino ukafutika, vifuko 21 havina jina! Alilia, wala hafichi. Mzee mvuvi aliyekuwa akimpigia kasia akamwambia, "Mwanangu, tope halijahama. Kesho turudi." Wakarudi, safari hii na penseli.

Nikamwuliza mzee mbona hakudai nyongeza. Akanikumbusha Machi 2022, mto ulipogeuka mweusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wapo ambao mpaka leo hawajakubali, na mzee ni mmojawapo.

"Walikuja kupima wageni," alisema. "Huyu baba yake namjua. Akisema maji yana sumu au hayana, nitamwamini."

Tatizo ni kwamba binti hapimi sumu. Anapima kaboni tu, na bado hajapata ujasiri wa kumwambia mzee.