C yako ni ya mwaka gani?

Ndugu msikilizaji, kila dirisha la udahili linapofunguliwa, vijana wengi huomba shahada ya usimamizi wa biashara. Wapo wanaorudishwa wakiwa na vyeti mkononi, wasielewe wamekosea wapi. Juma hili tuyatazame masharti yenyewe.

Hapa Tanzania kiwango cha chini huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu kamili katika masomo mawili yanayohusu kozi anayoomba, kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. Je, pointi hizo huhesabiwaje?

Mwaka 2014 madaraja ya mtihani yalibadilishwa, ikaingizwa B+. Kwa waliomaliza mwaka 2014 na 2015, C ni pointi 2 na D ni pointi 1. Kwa waliomaliza 2016 na kuendelea, C ni pointi 3 na D ni pointi 2, kama ilivyokuwa kabla ya 2014.

Tuchukue mtu na mdogo wake, kila mmoja ana D mbili. Kaka wa 2015 ana pointi 2, hawezi kuomba. Mdogo wa 2016 ana pointi 4, amefika kizingitini. Hakuna upendeleo hapo, kwani D ya 2015 ilipatikana kwa maksi za chini kuliko D ya 2016.

Sasa tuje kwa wenye stashahada. Mwaka 2016 wastani wao ulipandishwa hadi 3.5, mwaka 2017 ukashushwa hadi 3.0. Maana yake, kijana mwenye 3.2 alikataliwa mwaka mmoja, mwaka uliofuata akawa na sifa, na cheti ni kile kile. Hapo ndipo penye lawama. Stashahada haisomwi kwa siku moja, na aliyekwisha kuianza hawezi kurudi nyuma. Kwa hiyo sharti jipya lingetangazwa mapema, liwahusu wanaoanza masomo, si wanaomaliza.

Aidha, liko sharti ambalo wengi hulisahau: Hisabati. Kozi nyingi za biashara humtaka mwombaji ambaye hana Hisabati ya juu aoneshe ufaulu wa BAM, au wa Hisabati ya kidato cha nne. Mtoto anayesema "hesabu basi" akiwa kidato cha pili huenda anaufunga mlango ambao atautafuta miaka minne baadaye.

Basi wazazi, kabla ya kulipa ada ya maombi, someni mwongozo wa TCU wa mwaka huu, na msome mstari wa kozi yenyewe katika chuo chenyewe. Kiwango cha Tume ni cha chini tu. Chuo kinaweza kuongeza chake. Na mnapokishika cheti, msitazame herufi peke yake. Tazameni na mwaka.

Hadi juma lijalo, kwaherini.